Uso wa Gari na Moyo Wake

Mwaka 1997 Toyota ilitoa Harrier huko Japani. Mwaka uliofuata gari hilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Umbo lake lilikuwa la upole. Ubora wake ulikuwa chini: halikujengwa juu ya chasisi ya lori, bali juu ya msingi wa Camry, gari la kawaida la abiria, ndipo likatulia barabarani.

Mwaka 2005 injini ya petroli ikasaidiwa na mota za umeme ili kupunguza mafuta. Tangu 2012 Lexus hiyo ikapewa mdomo mpana uliobanwa katikati, na mwaka 2015 mikunjo mikali ubavuni.

Sisi twasema mabadiliko hayo si ya namna moja. Msingi na injini humfaa apandaye. Mdomo humfurahisha atazamaye. Ndugu zetu wengi wa Dar es Salaam hununua Harrier zilizokwisha tumika Japani. Yafaa kila mmoja afungue boneti kabla ya kusifu taa, kwani petroli hulipwa kwa jasho, wala sura haipunguzi hata lita moja.