Itazame Kwanza Mgongoni

Mchuuzi avukaye mpaka wa Busia au Malaba na picha ya sura ya mtu, ya rangi za mafuta, isiyo na sahihi ya mchoraji, hakawii kuinadi kuwa ni ya kale, tena yatoka Makerere, ambako Bi. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Nami naona kuwa mnunuzi mwenye busara, kabla hajafungua mkoba, yampasa aigeuze na kuitazama mgongoni. Huko ndiko kwenye ushahidi: misumari midogo iliyoacha duara la kutu kitambaani yaweza kuwa ya zamani, ilhali pini za stepla hazikuenea katika kazi ya kuwamba kitambaa ila baada ya katikati ya karne ya ishirini (isipokuwa kitambaa kiliwambwa upya, jambo ambalo fundi hulitambua kwa matundu ya awali yaliyobaki wazi). Rangi nayo hushuhudia, kwani nyeupe ya titani haikuuzwa kwa wachoraji kabla ya takriban mwaka 1920, na akriliki ni ya miaka ya 1950. Vumbi si hoja. La Malaba, penye misururu ya malori, huzeesha kitu kwa juma moja. Na risiti ya mnunuzi wa kwanza, iwapo ipo, mimi naithamini kuliko kisa kirefu cha babu aliyemtumikia Kabaka, mfalme wa Buganda.