Umenunua upinde wa zamani? Usiuvute bado

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha kijana mmoja wa msikitini kwetu hapa Ohio alinisubiri nje, penye magari. Mkononi ana kitu kirefu kimeviringishwa kwenye shuka. "Shekhe, nimepata upinde! Dola 60 tu." Akaufunua. Maa shaa Allah, ulikuwa Bear Kodiak Magnum wa zamani, ule mfupi wa inchi 52, mshikio wa mbao unang'aa na kile kisarafu chenye picha ya dubu kimepachikwa pale pale. Mpendao vitu vya kale mnajua moyo unavyodunda. Kabla sijamaliza kusema maa shaa Allah, kijana akauinua, akavuta uzi mpaka shavuni. Bila mshale.

Nikamshika mkono. "Usiachie, mwanangu. Rudisha taratibu."

Akarudisha, lakini uso ulibadilika. Akaniambia kwa adabu, ila kwa uchungu: "Lakini shekhe, si wewe uliyetuhutubia habari za mishale?"

Kweli ni mimi. Nilisema juu ya mimbari kwamba Mtume (s.a.w.) alipoisoma aya ya 60 ya Surat Al-Anfal kuhusu kuandaa nguvu, aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kurusha, akalirudia neno hilo mara tatu. Imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.). Vijana wakatoka msikitini wamewaka moto, na wiki ile ile wakaanza kutafuta pinde. Sikuwaambia chochote kuhusu upinde wenyewe. Nilihubiri nusu ya jambo. Leo naandika nusu iliyobaki, na naandika nikiwa na deni.

Deni lenyewe ni hili. Miaka michache nyuma nilikuwa na upinde wangu wa zamani, ratili 45, nilioununua kwa mzee mmoja jirani. Uzi wake ulikuwa umechakaa. Nikaingia dukani, nikanunua uzi wa kisasa, wa bei zaidi, wa aina ya Fast Flight, nikijiambia kitu kizuri hakina hasara. Nikampa kijana wa miaka 17 ajaribu. Mshale wa tisa au wa kumi, ncha ya juu ikakatika. Kipande kilimpiga chini ya jicho. Alishonwa. Mama yake alinisamehe palepale hospitalini, na msamaha ule ulinielemea kuliko kama angenigombeza. Kwa ukubwa wa kidole tu lile jicho lilisalimika, Alhamdulillah.

Kosa halikuwa la upinde. Uzi wa kisasa hauvutiki. Mshale ukishatoka, mikono ya upinde inasimama ghafla na kishindo chote kinaishia kwenye zile ncha mbili. Pinde za leo zimeongezewa tabaka gumu kwenye ncha ili zihimili. Pinde nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hazina hilo, kwa sababu zilitengenezwa zama za uzi wa Dacron, ambao unanyumbuka kidogo na kumeza kishindo. Kwa hiyo upinde wa zamani ufungiwe Dacron, hata kama muuzaji dukani atakucheka. Kwa upinde wa ratili kama 40 nyuzi 12 zilizosokotwa pamoja zinatosha, kwa ratili 50 nyuzi 14. Urefu wa uzi kwa upinde wa namna hii, wenye ncha zinazojikunja kwenda mbele, ni pungufu kwa takriban inchi 4 ya urefu ulioandikwa kwenye upinde. Upinde wa inchi 58, uzi wa inchi 54.

Lakini kabla ya uzi kuna kukagua. Upinde wa aina hii ni matabaka: ubao katikati, fibaglasi mbele na nyuma, vyote vimeshikwa na gundi. Joto ni adui wa gundi. Upinde uliolala kiangazi baada ya kiangazi darini, au ndani ya buti la gari, unaweza kupendeza macho na huku ndani umeachana. Chukua pamba, ipitishe polepole juu ya mikono yote miwili, mbele, nyuma na pembeni. Ikinasa, simama hapo uangalie. Mistari myembamba inayofuata urefu wa upinde ni ya kawaida kwa pinde za umri huo, mara nyingi ni ya juu juu tu. Mstari unaokatiza kutoka upande hadi upande ni hatari, huo usivutwe na mtu. Kadhalika ukiona tabaka limeachama hata upana wa unywele. Ukuta wa sebule unautosha.

Kisha namna ya kuupandisha uzi. Kijana wangu alifanya kama wanavyofanya wengi: akapitisha mguu katikati ya upinde na uzi, akaukunja kwenye paja. Hivyo ndivyo mikono inavyopindishwa ikawa haitazamani tena, na hivyo ndivyo upinde unavyoteleza ukampiga mtu usoni. Ipo kamba maalumu ya kazi hii. Upande mmoja una kifuko kinachovaa ncha, upande wa pili una kipande kinachoshika mkono wa pili, nawe unaikanyaga kamba na kuinua mshikio juu, uzi unaingia mahali pake bila mieleka. Baba mmoja aliniambia ni ghali. Ndugu yangu, haifiki bei ya chakula cha jioni cha watu wawili mkahawani. Ukishapandisha, tazama upinde kwa urefu kutokea nchani: uzi upite katikati ya mikono yote miwili. Ukienda pembeni sana, upinde umepinda.

Na upinde uliolala miaka 20 haushtuliwi. Uache na uzi wake kwa muda, kisha vuta inchi chache, rudisha. Ongeza kidogo, rudisha. Sikiliza. Ukisikia ukialika kama kijiti kikavu, mwisho ni hapo. Na wakati wote huo usiachie uzi bila mshale, kwani nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki ndani ya mbao. Ndiyo maana nilimshika yule kijana mkono.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike, nalo ni ratili. Najua nitapingwa hapa.

Kwenye upinde wa kijana kumeandikwa 50# kwa inchi 28. Maana yake uzi ukivutwa umbali wa inchi 28, kwa kipimo cha watengenezaji, unavuta uzito wa ratili 50. Lakini kijana ana mikono mirefu, anavuta karibu inchi 30, na kila inchi inaongeza ratili mbili au tatu. Kwa hiyo ana ratili 55 mkononi, kwenye upinde mfupi unaobana vidole, naye hajawahi kurusha mshale hata mmoja maishani mwake. Ataweza kuuvuta? Ndiyo, nimemwona. Ataweza kuushika, kutulia, kulenga na kuachia bila kutetemeka? Hapana. Baada ya wiki tatu atakuwa na bega bovu na tabia mbovu ya kuachia kabla hajafika, na tabia hiyo huchukua miaka kuondoka. Mimi bado ninayo.

Anayeanza, mtu mzima mwenye afya, aanze na ratili 25 hadi 35, upinde wa inchi 60 au zaidi. Nilipoandika hivi mara ya kwanza mtu akanijibu kwamba upinde wa ratili 25 ni wa wanawake na watoto, na kwamba umma umedhoofika kwa maneno ya mashekhe kama mimi. Nilimwalika kiwanjani. Hajafika mpaka leo, na dada zetu wa Jumapili wanaovuta ratili 28 bado wanamsubiri wamwonyeshe.

Waliokuwa mabingwa wa kweli hawakuona aibu hii. Waothmani, ambao baada ya kuifungua Istanbul mwaka 1453 walitenga uwanja mzima wa mishale, Okmeydanı, walikuwa na upinde laini wakiuita kepaze. Mwanafunzi aliuvuta na kuurudisha, siku baada ya siku, kwa muda mrefu, kabla ya kukabidhiwa mshale. Askari wa dola kubwa walianza hivyo, na wewe wa mtandaoni unataka kuanza na 50.

Mtu akiniuliza, je, kurusha mishale ni wajibu kwa kila Muislamu leo? Mimi sisemi hivyo, na msinilishe maneno. Nasema ni jambo lililosifiwa, na lililosifiwa hufanywa vizuri.

Maandalizi yaliyobaki ni mepesi ukiwa na subira. Umbali kati ya sehemu ya ndani kabisa ya mshikio na uzi uanze inchi 7 na nusu. Ukitaka kuuongeza, sokota uzi zaidi uwe mfupi, ukitaka kuupunguza, ulegeze. Nenda hadi inchi 8, kidogo kidogo, na usimame pale upinde unapokuwa mkimya zaidi ukirusha. Kwenye uzi weka alama ya kuzuia mshale usipande wala kushuka, nusu inchi juu ya mstari ulionyooka kutoka pale mshale unapokalia. Pale unapokalia bandika kipande cha ngozi au zulia laini, usile mbao.

Mishale iwe na manyoya halisi. Ya plastiki ni magumu, yanagonga ule ukingo na kuutupa mshale. Na isiwe myepesi kupita kiasi, maana mshale mwepesi sana ni ndugu wa kuachia bila mshale. Kwa upinde wa zamani wa ratili 40 mshale mzima pamoja na kigumba usipungue gramu 23. Ugumu wa ubua nao una maana: mshale hujikunja kidogo ukiuzunguka mshikio. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ukigoma kujikunja utakwenda kushoto, ukijikunja mno utakwenda kulia. Anza na mirefu, ikate baadaye. Iliyokatwa hairudi.

Na mnaouza, nisikilizeni. Yule mzee jirani aliyeniuzia upinde wangu si Muislamu. Alinionyesha kwa kidole chake alama moja ndogo ambayo nisingeiona, akanipunguzia dola 20. Nimeona kwenye kundi letu la simu ndugu anauza upinde, picha imepigwa upande mmoja tu, na ule upande wa pili una ufa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, na mnayajua aliyoyasema kuhusu mwenye kudanganya. Nafaka mbichi inaharibu uji. Upinde wenye ufa unatoa jicho. Nimekufuta kwenye kundi, na ukitaka kurudi, piga picha pande zote mbili.

Tena, mishale haipiti mikononi ikiwa imeelekea watu. Kwenye Bukhari na Muslim imepokewa kwa Abu Musa (r.a.) kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asimjeruhi Muislamu. Kama hivyo ndivyo kwa anayepita tu, vipi anayevuta? Watoto wakae nyuma ya mrushaji, na asiende mtu kuchukua mishale mpaka pinde zote zimelazwa chini.

Kijana wangu nimemwazima upinde wa ratili 30. Kodiak yake tuliipitishia pamba pamoja, haina ufa, tukaivua uzi, na sasa imelala kwenye misumari miwili ukutani ofisini kwangu, mlalo, haikuegemezwa pembeni ikapinda. Uzi wa Dacron nimeshauagiza. Tumekubaliana: siku atakayovuta ratili 30 mishale 60 mfululizo bila bega kupanda, anaongeza. Jumamosi baada ya Alasiri alirusha 24 akachoka, akaniuliza, "Shekhe, bado tu?"

Bado, mwanangu. Njoo Jumamosi.

Wallahu a'lam.