Tuanze na Miinuko

Mwalimu atakaye wanafunzi wake waiunde Kisondela ndani ya programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa ndege hushawishika kuanza na nyumba na miti. Sisi twaona aanze na miinuko. Vipimo vipo: mwezi Februari 2000 chombo cha Endeavour kiliipima ardhi kwa rada kutoka angani, nukta moja kwa kila mita 30 hivi. Lakini korongo jembamba hupotea kati ya nukta hizo, na mtoto alivukaye kila asubuhi analijua. Kwa hiyo darasa lifinyange kwanza kwa udongo, sentimita 1 kwa mita 100. Mlima Rungwe utafikia karibu sentimita 30. Makorongo yakaguliwe kwa miguu, ndipo migomba na mashamba ya chai yafuate.