Kunguru Tunamfuga Wenyewe

Ukiulizia dodo Kariakoo utapewa embe. Kulikuwa na dodo mwingine, ndege wa kisiwa cha Mauritius, wa ukoo wa njiwa, mnene, asiyeweza kuruka, anayetaga chini. Waholanzi walitia nanga huko mwaka 1598. Watu walimla, na nguruwe, kima na panya walioshuka melini wakamalizia mayai. Kabla karne ya 17 haijaisha, alikuwa ametoweka.

Kwetu pia mgeni aliletwa. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu alitolewa India akaingizwa Unguja miaka ya 1890, eti asafishe taka za mji. Taka hazikwisha. Yeye akazaana, akatapakaa pwani nzima, na kila alipofika amekula mayai na makinda ya ndege wadogo. Pemba kuna ninga asiyepatikana popote pengine duniani. Huyo akibanwa hana pa kuhamia.

Mwaka huu chozi alifuma kiota kwenye mwarobaini wa uani kwetu, kimening'inia kama soksi ya mtoto. Asubuhi moja kunguru wawili walitua. Mmoja alimvuta mama mtu mkia hadi akatoka, mwenzake akaingiza mdomo. Haikuchukua hata dakika. Kisha wakarudi kwenye kizimba cha taka kuchana viroba.

Husemwa kunguru hafugiki. Sisi tunamfuga, na tunamlisha vizuri kuliko kuku wetu! Zanzibar waliwaua wengi sana miaka ya 1990. Kampeni ilipolegea wakajaa tena, maana chakula kilikuwa palepale.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani, naomba tuanzie kwenye chakula. Wewe unayechinja kuku, utumbo usiuache wazi kwenye ndoo, ufunge, uufunike. Mama lishe, ukoko na vichwa vya dagaa visimwagwe mtaroni. Viongozi wa mtaa, tuwabane wazoa taka wapite usiku, kunguru wakiwa wamelala, badala ya saa nne asubuhi wakati wameshashiba. Na mwenye mti uani, tafadhali, asiukate kwa ajili ya fremu nyingine ya duka.

Chozi amerudi. Anafuma tena, tawi lilelile. Kunguru wawili wako juu ya bati, wanatazama. Kiroba chetu cha leo nimeshakifunga.