Kwani Ni Tumbo Pekee Linaungama?

Watu wangu, leo nitaongea na wengine watakasirika, ni sawa. Hapa Tawa, na nadhani hata kwenu, kanisani kuna dhambi za aina mbili: zile zinaonekana na zile zinaimba kwaya.

Msichana wa kidato cha tatu akipata mimba, anatolewa kwaya, anasimamishwa mbele na kuomba msamaha kwa maiki. Kijana aliyempa hiyo mimba anapiga kinanda Jumapili hiyohiyo. Hii kitu nimeiona kwa macho yangu, na si mara moja. Halafu kuna yule aliuza gunia la ndengu za mamake, pesa ikaisha kwa kubeti, akasema ni wezi walikuja usiku. Kuna mwenye anashika pesa za chama na anaomba kila siku msiulize hesabu. Hawa hawana tumbo la kuwashtaki, kwa hivyo wanakaa mbele na Biblia zao.

Wakati wa ushuhuda ndiyo utasikia: "Zamani nilikuwa mlevi, Bwana akaniokoa." Amina, makofi! Lakini hiyo dhambi imezeeka, haigharimu kitu tena. Ya wiki iliyopita haitajwi.

Wazee wetu kidogo walitushinda hapa. Mwaka 1929, kule Namirembe, Kampala, Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja wakasoma Biblia na kuomba. Moto ukashika Gahini, Rwanda, kwa hospitali alikofanya kazi Church, na kufikia 1937 ulikuwa umefika Kenya. Ndio wale wanaitwa Balokole. Walikuwa wanaungama hadharani, hiyo wengi wanajua. Kitu hatusimulii ni kwamba hata wakubwa waliungama. Kuna wamisionari wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi cha rangi yao, na hiyo ilikuwa wakati wa mkoloni, hebu fikiria. Na aliyeiba alirudisha. Alibeba kitu akakipeleka kwa mwenyewe, kama Zakayo tu.

Sisemi turudi kuanika kila kitu kwa maiki. Hata wao walilaumiwa, kwa sababu kuna watu walisimulia mpaka wakapitiliza, na ukitaja dhambi yako mara nyingi unataja na mwenzako. Tena wao hawakuwa na simu. Leo ukimwaga moyo kwa kikundi cha maombi asubuhi, kufika jioni iko Kikima. "Tumuombee fulani" ni udaku umevaa kitenge.

Kwa hili nawaonea wivu Wakatoliki. Padri akitoa siri ya kitubio, sheria ya Kanisa lake inamtenga papo hapo. Sisi wa makanisa mengine tunaambiwa "ungama kwa Mungu moja kwa moja", na ni kweli Mungu anasikia. Lakini Yakobo aliandika pia tuungamiane sisi kwa sisi, na hapo ndipo tunapita haraka haraka. Mtu anaomba msamaha kwa Mungu kila usiku kwa miezi sita na bado anamkwepa mamake jikoni. Huyo naamini Mungu amemsamehe. Shida ni kwamba mama bado anashuku mtoto wa jirani.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa, mwenye hujawahi kusikia siri ya mtu ikitoka kwake, umwambie. Kisha mwendee uliyemkosea, na kama ni pesa, anza hata na mia mbili kwa M-Pesa. Lakini kama umemuumiza mtoto, hiyo haiishii kwa pasta. Toba haifuti kesi, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116 bila malipo.

Na nyinyi wazee wa kanisa, heshima zenu, lakini kabla ya kumwita huyo dada mbele tena, mmoja wenu atangulie. Kama hamuwezi, basi muongee naye kwa nyumba, akiwa na mamake, na yule kijana wa kinanda akiwa hapo.

Wewe nawe uliyeambiwa siri jana, ile skrinshoti uliyohifadhi, ifute sasa hivi. Nangoja.