Risasi Haijui Mpaka

Sheria ni msumeno, walisema wahenga: hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno ukatao upande huu wa mto, kisha ukawa butu upande wa pili, haufai kuitwa msumeno. Ni pambo la ukutani. Napenda, msomaji, tulipime neno hili kwa mfano wa nchi kubwa na yenye nguvu, nchi ya Marekani, katika jambo la risasi ambazo raia hukatazwa kuwa nazo.

Huenda ukadhani kuwa risasi zote ni mamoja. Sivyo. Iko iliyotengenezwa kwa madini magumu ili ipenye chuma na fulana ya kinga avaayo askari kifuani. Iko yenye tundu nchani, ambayo ikiingia mwilini hufumuka mithili ya ua, na jeraha likapanuka. Ziko zilizojazwa vishale vya chuma, na nyingine zitemazo moto. Zote ni kazi ya akili ya mwanadamu. Na kuhusu zote hizo majimbo 50 ya Marekani hayana kauli moja.

Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya nchi nzima iliyokataza kuunda na kuingiza nchini risasi za bastola zenye kupenya fulana ya askari, isipokuwa kwa haja chache zilizotajwa. Ilikuwa hatua njema, lakini ilikuwa nusu ya hatua. Sheria ile haikumkataza raia kuwa nazo. Aliyekuwa nazo sandukuni aliachwa nazo, na neno la kumnyang'anya likaachiwa kila jimbo. California ilikataza kabisa. Majimbo mengine yalinyamaza, au yakangoja mpaka risasi hizo zitumike katika uhalifu ndipo yaadhibu. Je, kuna faida gani kufunga mlango baada ya chui kuingia zizini?

Sasa tazama Mto Delaware. Upande mmoja uko mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania. Upande wa pili uko mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey. Daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1926 huiunganisha miji hiyo miwili, na watu huvuka kwenda kazini na kurudi. Katika Pennsylvania risasi yenye tundu nchani ni bidhaa ya halali. Katika New Jersey raia aweza kuiweka nyumbani mwake, au kwenda nayo mawindoni na kwenye uwanja wa shabaha. Lakini akiichukua katika matembezi yake ya kawaida, ametenda kosa la kumtia gerezani. Hivyo mtu mmoja, na risasi ile ile mfukoni, huwa mwema mwanzoni mwa daraja na mhalifu mwishoni mwake. Mjinga hunaswa kwa kutojua, na mwovu hujua pa kununua. Sheria imekuwa mtego kwa wa kwanza na mlango kwa wa pili.

Watetezi wa desturi hii wana hoja, na si haki kuzificha. Husema kwamba mwindaji wa milima ya Montana na mkazi wa mtaa wenye msongamano hawaishi maisha mamoja, basi kila jimbo na lijiamulie. Nami nauliza: mwindaji ana haja gani ya risasi ya bastola iliyoundwa kupenya fulana ya askari? Hakuna paa wala dubu avaaye fulana ya namna hiyo. Risasi ya namna hii haina mnyama, ina mtu.

Husema tena kwamba risasi ifumukayo hubaki katika mwili wa aliyepigwa, isipite ikamdhuru mpita njia, na ndiyo maana polisi wengi huitumia. Hoja hii ina uzito. Walakini tukumbuke kwamba mwaka 1899, katika mkutano wa Hague, mataifa kadhaa yaliahidiana kutotumia vitani risasi za kufumuka mwilini, ambazo zilipata jina la dumdum kutokana na Dum Dum, karibu na Calcutta, mahali ambapo Waingereza walikuwa na kiwanda cha silaha. Uingereza yenyewe iliafiki mwaka 1907. Ikiwa jambo lina hoja nzito pande zote mbili, dawa yake ni taifa kukaa baraza moja likaamua. Si dawa kuamua mara 50, kisha kumwachia msafiri abahatishe.

Sisi katika Kenya hatukosi matatizo ya silaha haramu. Lakini hapa sheria ya bunduki, iliyoanza mwaka 1954, ni moja kwa kaunti zote 47: asiye na cheti hana ruhusa ya kuwa na risasi, awe Lamu au Turkana. Sheria hiyo huvunjwa, ndiyo; lakini hakuna awezaye kuivunja kwa kuvuka daraja tu.

Msomaji, wewe wa leo ndiwe mtunga sheria wa kesho. Utakapokaa barazani, usiridhike kuuliza kama sheria ni kali. Uliza inafika wapi, na kile inachokikataza kinafika wapi. Kama kilichokatazwa kinakwenda mbali kuliko katazo, umeandika karatasi tu. Risasi haijui mpaka. Na sheria itakayo kuishinda haina budi kuwa vivyo hivyo.