Leso ya Mama Ndani ya Kompyuta

Watoto wakiwa likizoni na nyumbani mna kompyuta kuukuu ya Linux, usiitupe eti haina michezo ya kisasa. Itachora leso, tena bila intaneti.

Hebu ingia duka la leso pale Ukunda, utandaziwe kisutu. Rangi ni tatu tu: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Pindo limezunguka, mji uko katikati, na nakshi zinajirudia. Hiyo ni hesabu. Terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nayo ni hesabu: kwa kawaida herufi 80 kwa upana, mistari 24 kwenda chini. Humo hakuna brashi. Utachora kwa herufi.

Rangi huitwa kwa namba. 31 ni nyekundu, 37 ni nyeupe, 0 hurudisha hali ya kawaida. Utaratibu huu uliwekwa Marekani mwaka 1979 na ungali unatumika. Mwanao na aandike haya katika faili la leso.py:

print("\033[31m" + "#" * 40)
print("##" + "\033[37m" + " * " * 12 + "\033[31m" + "##")
print("#" * 40 + "\033[0m")

Kisha aamuru: python3 leso.py

Pindo litatoka jekundu na nyota nyeupe. Weusi ni wa bure, kioo chenyewe kimeutoa! Ile \033[ ni kama kupiga hodi: huijulisha terminali kwamba kinachofuata ni amri, si maandishi. Akiisahau ile 0 ya mwisho, wekundu unaweza kumwagikia kila kitakachoandikwa baadaye, mithili ya leso inayochuja.

Sasa mwite mama. Wazazi wengi huku kwetu, Diani hadi Msambweni, huwaachia watoto kompyuta wakisema si mambo yao. Lakini katika kazi hii mama ndiye fundi. Hajui Python, ila ataona mara moja kwamba pindo ni jembamba au mji umebanwa, na binti atalazimika kurudi kuhesabu upya.

Kwa mfano, mstari wa katikati urudiwe mara nane ili mji upanuke. Halafu mama achague jina la leso. Akitaka KARIBU MSAMBWENI, hizo ni nafasi 16, ukihesabu na pengo la kati. Ndani ya pindo mna 36. Basi zinabaki 10 kila upande.